Nimestaafu jeshi, nimepewa mfereji, watu wananikimbia. Nifanyeje?

Mstaafu wa Kibosho

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi sio mwandishi mzuri mnisamehe, hii simu kanipa binti yangu na herufi zenyewe ni kama mchwa.

Nimelitumikia jeshi miaka 33, niliingia 1990 nikitokea JKT Oljoro, nimetoka 2023 nikiwa Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Nimeishi kambi za mikoa sita, Darfur nimefika, Kongo nimeenda 2013 na ile brigedi yetu na Wasauzi na Wamalawi. Nyumbani nilikuwa nakuja Krismasi tu kama Wachagga wengine, nakula nyama, nasalimia kaburi la baba, tarehe 2 niko kwenye basi.

Sasa nimerudi moja kwa moja. Kiinua mgongo nimemalizia nyumba, nimenunua ng'ombe wawili, nimefufua kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu mzee kilikuwa pori. Miezi minne ya kwanza ilikuwa raha, wa tano nikaanza kushindwa kukaa. Saa kumi alfajiri niko macho na sina pa kuripoti. Siku moja mke wangu katoka kanisani akakuta nimepanga sufuria zote jikoni kwa ukubwa, akaniambia baba, tafuta kazi ya nje la sivyo mimi ndio nitastaafu kwenye hii nyumba.

Basi kijijini kukawa na mkutano wa mfereji wetu wa asili, mwenyekiti wa zamani kazeeka miguu haimpandishi tena kule kwenye banio maji yanakochukuliwa, watu wakasema tumpe afande, mwanajeshi hana mchezo. Nikapigiwa makofi nikakubali. Kwa kweli nilifurahi sana siwadanganyi, nilijiona nimepata tena kitu cha kufanya na ni kitu cha maana, maana mfereji ule unanywesha migomba na kahawa na mboga za kaya kama 120 na nilikuta nusu ya maji yanapotelea njiani.

Jumamosi ya kwanza nikaita msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, saa kumi na mbili asubuhi. Nikapiga filimbi. Walikuja watu 64, nikawapanga makundi matatu, kazi ikaenda kama kambini. Waliochelewa walikuwa 11, nikawapiga faini elfu tano tano na nikawarudisha nyumbani. Jumamosi ya pili wakaja 40. Ya tatu wakaja 9, na kati ya hao wawili ni shemeji zangu. Katibu wetu ni mama mmoja mwalimu wa chekechea, akaniambia kwa upole baba, hapa sio kambini. Nikamuuliza kwa hiyo niwabembeleze? Akacheka akaondoka zake.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza mnaendeshaje watu ambao hawako chini yako? La pili kuna vijana wanaanza kuniambia 2029 nigombee uenyekiti wa kijiji, na mimi sijawahi kuwa na kadi ya chama chochote tangu nizaliwe. Inakuwaje hapo?

chalii wa Pasua

Afande kwanza pole, pili 🤣🤣🤣 faini elfu tano mtu kaja na jembe lake mwenyewe, kaja bure, kachelewa kwa sababu katoa maziwa ng'ombe, unamrudisha nyumbani NA elfu tano juu. Mi nisingekuja tena hata mfereji ungekuwa unatiririsha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Ila usikate tamaa mkuu, mbona wenzio wameweza. Jenerali Sarakikya majirani zetu Wameru, mkuu wa majeshi mpaka 74, akaja kuwa waziri na balozi. Kinana kanali mstaafu, kawa mbunge wa Arusha, waziri wa ulinzi, spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki. Kikwete naye luteni kanali. Jeshi linatoa viongozi.

Magwanda Kabatini

Dogo hiyo mifano yako haimsaidii mzee. Hao waliteuliwa au walipanda na chama, ukiteuliwa unakuta ofisi ina mhudumu na gari. Huyu mwenzetu anaongoza mfereji, hana hata karani, anaongoza jirani yake ambaye kesho atamuomba jembe.

Afande, mimi ni mstaafu mwenzako, nilitoka na cheo cha chini kuliko wewe kwa hiyo kwa heshima zote. Niko Sombetini hapa Arusha, nimewahi kuwa mwenyekiti wa mtaa miaka mitano, na mwaka wa kwanza nilifanya ujinga wako wote na mwingine juu yake.

Mtaa wetu una mtaro wa maji ya mvua, masika ikija unafurika unaingia ndani kwa watu, taka za kila aina, chupa, pampasi, usiseme. Mimi nikaanzisha operesheni. Nikapita na chaki naandika kwenye kuta za nyumba ambazo hazijasafisha mbele yake, asubuhi nakuta pamefutwa. Nikampiga faini mama ntilie mmoja kwa kumwaga maji ya vyombo mtaroni. Kalipa, hajasema kitu. Nikaona mambo si hayo.

Ukaja mkutano wa mtaa, watu wamejaa, nimesimama nasoma taarifa yangu kama niko mbele ya CO, mkuu wa kikosi. Yule mama akanyanyua mkono. Akasema mwenyekiti, naomba kuuliza tu, hii filimbi yako mbona inasikika kwangu peke yangu, kule kwenye geti haifiki?

Aisee. Kila mtu alijua geti gani. Chini kule kuna mtu mwenye uwezo wake alijenga ukuta ukala nusu ya mtaro, ndio maana maji yanarudi nyuma. Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa nampitia mbali. Kambini usingeniona nikiogopa mtu lakini kambini nilikuwa na cheo begani na nyuma yangu kuna mtu mwenye cheo kikubwa zaidi, pale getini nilikuwa mzee tu mwenye kofia ya mpira.

Nikaomba radhi pale pale mkutanoni, faini ya yule mama nikairudisha mbele za watu. Tukaenda getini wajumbe wote na mimi na yule mama ntilie, mara ya kwanza mlinzi katuambia bosi hayupo, ya pili hayupo, ya tatu tulikwenda Jumapili jioni tukakaa kwenye jiwe nje tunapiga stori mpaka alipoona aibu akatoka. Hakubomoa ukuta, nisikudanganye, ila alikubali kutoboa na kuweka kalavati kubwa kwa pesa yake. Baada ya hapo nikiitisha usafi watu wanakuja. Mama ntilie analeta uji.

Kwa hiyo kwako mimi ningeuliza, kwenye mfereji huo nani anaiba maji usiku? Maana yupo, na watu wote wanamjua, na wanakungoja waone utafanya nini. Msipomgusa huyo, hao 11 utawapiga faini mpaka uchoke.

Kitu kimoja cha jeshini kilinisaidia, nilikuwa mtu wa stoo. Kila shilingi ya mtaa ilikuwa na leja na risiti, na karatasi ya mapato na matumizi nabandika kwenye mlango wa ofisi bila kuombwa. Hiyo raia wanaipenda kuliko gwaride.

Mama Mtendaji

Habari zenu. Mimi ni mtendaji wa kata, sio Kibosho, ila mkoa ni huo huo. Mambo ya vyama sitayagusa mimi ni mtumishi, nitasema ya utaratibu tu.

Baba, faini ulizotoza umetumia sheria gani? Sikulaumu ila ni swali ambalo mtu akikwambia twende kwa mtendaji utaulizwa. Kama kikundi chenu cha mfereji kina katiba yake na wanachama walipitisha faini, sawa, kama hakina basi hizo elfu tano hazina miguu. Vilevile angalieni kama mna kibali cha kutumia maji, tangu sheria ya 2009 maji ya mto yana kibali hata kama mfereji alichimba babu yako, na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapo hapo Moshi mjini sio safari. Na kama banio lenu liko juu msituni kumbuka msitu ule uliingizwa kwenye hifadhi ya Kilimanjaro 2005, kwa hiyo msipande na kundi la watu 60 na mapanga bila kuwasiliana na wahifadhi, mtajikuta pabaya.

Kuhusu uenyekiti wa kijiji. Mwenye kijiji ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti hana mshahara, na hawezi kumfukuza mtu yeyote. Nimefanya kazi na wenyeviti wastaafu wa jeshi wawili. Mmoja alikuwa ananikabidhi orodha ya watu wa kukamatwa kila Jumatatu. Mwingine alikuwa anakaa mkutanoni masaa matatu kimya, anaandika, mwisho anasimama anasema nimesikia mambo manne, je nimesikia sawasawa? Huyo watu walimpenda mpaka leo hata mashauri ya ndoa wanampelekea.

Halafu kuna hili, mkutano ukichelewa kuanza sio uvivu kila mara. Wanawake wanakuja wakishatoa majani ya ng'ombe na kupeleka watoto. Ukiweka saa kumi na mbili asubuhi umewaondoa wao, na wao ndio wanaoujua mfereji, wao ndio wanaona maji yakikatika. Umeuliza kati ya wale 9 wanawake walikuwa wangapi?

Mstaafu wa Kibosho

Mama Mtendaji, hakuwepo hata mmoja. Hilo sikuliona kabisa.

Katiba ya mfereji ipo kwenye daftari la mzee wa zamani, nitaenda kuichukua kesho. Na mwizi wa maji yupo ndugu yangu wa Sombetini, umenigusa, ni binamu yangu.

chalii wa Pasua

🤣🤣🤣 nilijua tu lazima awe binamu

Mzee Nduwa

Meku, mimi ni wa Uru, nina miaka 76, mjukuu ndiye anayeandika nikisema.

Mfereji una mwenyewe. Zamani ukoo uliochimba ndio ulitoa mzee wa mfereji, na yeye hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anajua zamu ya kila kihamba kichwani. Usiku maji yanaingia kwenye nduwa, yaani bwawa la kutunzia maji, asubuhi yanafunguliwa, wa juu ana siku zake wa chini ana siku zake. Mtu akikosa msaragambo faini ilikuwa mbege, na hiyo mbege tuliinywa wote na yeye mwenyewe yumo kwenye duara. Anapigwa maneno pale anacheka anaisha. Wewe umechukua elfu tano ukaweka mfukoni mwa kikundi, mtu kaondoka na hasira yake nzima.

Nawe usijione umetoka kitu kimoja umeingia kingine mbali. Lile jeshi la mwanzo, Tanganyika Rifles, liliasi Januari 1964, Mwalimu akalivunja, Septemba mosi likazaliwa lingine akaliita la Wananchi. Mimi nilikuwa kijana, wenzangu waliingia. Wakati wa vita ya Kagera 1978 mgambo wengi walikuwa wakulima kama sisi, walirudi wakaendelea na jembe hakuna aliyetupigia filimbi.

Kabla ya mkutano wowote pitia kwa yule mwenyekiti wa zamani. Sio kuchukua daftari tu. Kaa naye.

Raia Mwema wa Njiro

Naingilia kwenye swali la chama maana naona wote mnalikwepa. Katiba ibara ya 147 inakataza mwanajeshi kujiunga na chama, pamoja na polisi na magereza na JKT, anabaki na kura yake tu. Ndio maana 1992 vyama vingi viliporudi Kikwete ilibidi achague akavua magwanda. Ukishastaafu uko huru kabisa, hakuna wa kukuuliza. Ila kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa lazima udhaminiwe na chama, hata huu wa Novemba 2024 ilikuwa hivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapa hapa Arusha, ilishaamua Juni 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, lakini mgombea binafsi mpaka uchaguzi huo hakuwepo.

Kwa hiyo afande 2029 utachukua kadi, hiyo haina njia ya mkato. Na siku unachukua kadi nusu ya watu wa mfereji watakuangalia kwa jicho lingine. Fikiria kama unataka.

Magwanda Kabatini

Kweli kabisa. Mimi nilichukua kadi, sitasema ya wapi, na kuna rafiki yangu wa miaka mingi alihamia kibanda kingine cha kahawa. Tumekuja kurudiana nilipomaliza muda wangu. Vijana wanaokwambia 2029 waulize kwanza kama kesho watakuja kwenye mfereji.

binti wa Monduli

Mimi nimekulia kambini, baba alikuwa mwalimu pale chuo cha jeshi Monduli. Kastaafu tukahamia Usa River. Naomba niseme kitu ambacho hapa wanaume hamjasema.

Baba yangu naye alichukua kamati, ya shule, alafu ya maji, alafu ya kanisa, alafu ulinzi shirikishi, zote kwa mwaka mmoja. Tulidhani anapenda jamii. Anapenda kweli, ila pia alikuwa anaogopa kukaa nyumbani. Usiku alikuwa halali vizuri tangu arudi misheni ya kijeshi na hakuwahi kumwambia mtu, sisi tulikuwa tunamsikia anatembea sebuleni. Kwenye kamati alikuwa mkali kupita kiasi, mtu akichelewa dakika kumi anatetemeka mdomo. Sio kwa sababu ya dakika kumi.

Kilichomsaidia ni wenzake watatu wastaafu, wanakutana Tengeru kila Alhamisi, wanakunywa chai wanaongea ya huko walikokuwa. Akaacha kamati tatu akabaki na ya maji tu. Pia kuna chuo cha maendeleo ya jamii hapo Tengeru, mdogo wangu amesomea, baba alikuwa anasoma daftari zake kwa siri, anasema kumbe kuna watu wanasomea kuongea na wanakijiji mpaka wanapewa cheti 😂

Baba nimesoma hiyo ya sufuria nimecheka, alafu nimekaa kimya kidogo. Mama yako wa nyumbani alikutania lakini mwulize vizuri.

Mstaafu wa Kibosho

Binti, nimekusoma mara tatu. Aika, asante. Sitasema mengi hapa, ila Kongo nilipoteza vijana niliowafundisha mwenyewe na bado nawaita majina asubuhi. Nimempigia simu mwenzangu mmoja yuko Himo, tumepanga tuonane.

Naomba niwape taarifa ya wiki mbili hizi maana mlinisaidia bila kunijua.

Nilikwenda kwa mzee wa zamani, nikakaa kuanzia saa tisa mpaka giza. Daftari lenyewe limeliwa na panya robo lakini zamu zote anazo kichwani, tumeandika upya na katibu. Kumbe kuna kaya 14 za chini kabisa hazijapata maji ya zamu tangu kiangazi cha mwaka juzi na walishaacha kulalamika. Mimi nilikuwa nimeita watu wa chini kuja kuchimba mfereji ambao maji yake hayawafikii, alafu nikawatoza faini. Kati ya wale 11 saba ni wa huko chini!

Pesa nimerudisha, elfu hamsini na tano, nyumba kwa nyumba kwa miguu yangu. Mmoja alikataa kupokea, akasema afande nunulia sukari ya uji wa msaragambo. Mwingine alipokea akahesabu mara mbili.

Binamu yangu nilimfuata peke yangu usiku, ni mambo ya ukoo, nisiyaweke yote hapa. Alikuwa kachepusha na bomba la inchi mbili chini ya majani ya migomba, kazi safi kabisa, nilikuwa upande wa uhandisi medani na nilimsifu kabla ya kumgombeza. Kalitoa. Hatusalimiani kwa sasa ila kalitoa.

Jumamosi iliyopita tuliita saa tatu asubuhi, bila filimbi. Saa tatu nilikuwa mimi na shemeji zangu. Saa tatu na nusu watu 8. Nilikuwa nasikia joto linapanda shingoni nikachukua sururu nikaanza kuchimba upande wa chini ili nisiangalie njia. Saa nne na robo nainua kichwa naona watu 31, wanawake 17, na katibu kaleta uji. Hakuna aliyejipanga kwenye kundi, wamejitawanya ovyo kila mtu anapopenda, sehemu moja wamechimba mara mbili na nyingine hawajagusa. Ila maji yalifika kwenye kihamba cha mwisho saa nane mchana, na yule bibi wa mwisho kule alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka.

2029 nimewaambia vijana tuongee 2028.

Alhamisi kuna kikao cha kugawa zamu upya, wa juu na wa chini uso kwa uso, patakuwa moto. Mzee Nduwa nimeagiza mbege madebe mawili kwa ushauri wako. Kikao ni saa kumi jioni, na mimi naruhusiwa kutoka nyumbani saa kumi na nusu, mke wangu kaificha saa yangu ya mkononi tangu jana na hataki kusema iko wapi.

chalii wa Pasua

Afande Alhamisi nina boda na sina abiria. Hiyo mbege inabebwa na nani?